Jioni za baridi Uyole na Spider-Man wa 1967 hadi 2025

Juni na Julai hapa Uyole, Mbeya, jua likishazama hakuna anayetaka kukaa nje. Tunakula mapema, tunafunga madirisha, kila mtu na blanketi lake. Mwaka 2025 jioni hizo tulizitumia kuangalia katuni za Spider-Man, kijana mwenye nguvu za buibui, kuanzia zile za kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya televisheni mpaka hizi mpya. Tulikuwa wanne: mama yangu, mwanangu wa kiume aliye kidato cha kwanza, binti yangu wa miaka mitano, na mimi. Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa natafsiri huku picha inaenda, sauti ikinikauka kama mtafsiri wa kibanda umiza.

Usiku wa kwanza, kipindi hakijafika hata nusu, mama akauliza: "Huyu kijana usiku kucha anahangaika na majambazi. Analipwa na nani?"

Swali hilo halikutuacha tena. Nilianza nikitaka kulinganisha uchoraji tu, lakini kila tulipofungua katuni nyingine tulijikuta tunatafuta jibu lake, na jibu lilikuwa linabadilika.

Nianze na ya 1967, maana ndiyo iliyonifungulia mlango. Tulikuwa tunaishi Iyunga, karibu na stesheni. Baba mdogo alikuwa mfanyakazi wa TAZARA, na akirudi kutoka Kapiri Mposhi, Zambia, hakosi kitu kwenye begi: sabuni, mafuta ya kupaka, na mara moja moja kaseti ya video. Mojawapo ilikuwa na vipindi vinne vya Spider-Man. Deki ilikuwa moja kwa nyumba kama sita. Tuliiangalia ile kaseti mpaka picha ikaanza kuchirizika pembeni, na wimbo wa mwanzo tuliuimba njiani tukienda kuteka maji bila kujua neno hata moja la maana yake. Muziki wake ni wa Bob Harris na maneno ni ya Paul Francis Webster, mtunzi aliyekwishapata tuzo za Oscar kwa nyimbo za sinema. Nilipowatafsiria nyumbani mwaka 2025 nikagundua kwamba hata wimbo wenyewe unasema huyu mtu utajiri na sifa hana habari navyo. Mama akatikisa kichwa.

Ukiiangalia leo ukiwa mtu mzima, umaskini wa waliotengeneza unaonekana waziwazi. Vazi lake lina nyuzi za utando kichwani, mikononi na kwenye viatu tu. Kifuani na tumboni hakuna nyuzi, kwa sababu kuchora nyuzi zote hizo picha kwa picha ni kazi na ni hela. Kampuni ya Grantray-Lawrence iliyoanza nayo ilifilisika, ikabidi mtengeneza katuni Ralph Bakshi achukue usukani, na bajeti ikabana zaidi. Mwanangu alihesabu picha ileile ya Spider-Man akibembea kati ya maghorofa mara saba kwenye jioni moja. Kuna kipindi kimoja ambacho hadithi na michoro yake mingi ilichukuliwa kutoka katuni nyingine ya kipindi hicho, Rocket Robin Hood, wakamweka Spider-Man mahali pa yule stelingi wa mwanzo. Lakini zile anga za Bakshi, za zambarau na kijani iliyoiva, bado zinanisisimua. Nyingine zinafanana na anga ya mlima Loleza mvua ya Machi inapokaribia. Jumla ni vipindi 52, vya 1967 hadi 1970, na mtoto wa miaka mitano anavielewa bila kutafsiriwa.

Kuhusu malipo, hapa Peter Parker, ndiye Spider-Man akivua kinyago, anaishi kwa kibarua. Anapiga picha, anamuuzia Jameson, bosi wa gazeti la Daily Bugle, halafu Jameson anazitumia picha hizohizo kumchafua Spider-Man. Mama alikasirika kwelikweli. Amelima viazi kule juu Umalila zaidi ya miaka 20 na anajua maana ya kuuza mali yako kwa bei aliyoipanga mwingine. "Huyu ni dalali wa lumbesa," akasema, na tangu siku hiyo Jameson kwenye nyumba yetu anaitwa Dalali.

Kuna jambo jingine mama alilirekebisha mapema. Mimi nilikuwa natafsiri Aunt May, aliyemlea Peter, kuwa shangazi May, kama kamusi inavyosema. Akaniuliza huyo mama ni dada wa baba yake Peter? Nikasema hapana, ni mke wa Ben, na Ben ni kaka mkubwa wa baba yake. "Basi siyo shangazi. Ni mama yake mkubwa. Ni mama." Nikabadilisha. Nawashauri wote wanaowatafsiria wazazi wafanye hivyo, kwa sababu hadithi yote inabadilika uzito. Kijana anayemficha shangazi yake siri ni jambo moja. Kijana anayemficha mama aliyemlea ni jambo jingine kabisa.

Tuliruka zile za 1981 baada ya vipindi vichache. Moja ni Spider-Man peke yake, nyingine anaishi na marafiki wawili, Iceman na Firestar, huyu wa pili akiwa amebuniwa kwa ajili ya katuni hiyo. Ni za kufurahisha, ila hazikutushika.

Ya 1994 ndiyo yangu, na nitakaa hapa kidogo. Ilianza Marekani Novemba 1994, mwaka uleule ambao ITV ilianza kurusha matangazo Dar es Salaam, lakini mimi niliiona miaka kadhaa baadaye nikiwa sekondari, wakati wa likizo, nyumbani kwa rafiki yangu. Kilichonishika ni kwamba tatizo la leo halikuisha leo. Kwenye zile za zamani adui anakamatwa, kesho tunaanza upya kama vile jana haikuwapo. Hii iliyosimamiwa na John Semper ina vipindi 65, na mingi kati ya misimu yake mitano ni hadithi moja ndefu. Msimu wa pili mwili wa Peter unabadilika, anaota mikono mingine minne, anaogopa nafsi yake mwenyewe, na hofu hiyo unatembea nayo wiki kwa wiki. Nilikuwa na miaka 15 na mwili wangu ulikuwa unanishangaza kila siku. Nilimwelewa bila kuelezwa.

Humu mama alipata jibu lake vizuri zaidi. Kwenye kipindi cha kwanza kabisa mama mkubwa May ana madeni, na Peter anamtafuta mjusi mkubwa kwenye mitaro ya maji machafu huku akiwaza picha itakayomletea hela. Anaokoa mji na bado hana nauli. Katika katuni zote tulizoangalia, hii ndiyo iliyonionyesha vizuri uchovu wa mtu mwenye kazi mbili, moja ya kulipwa na nyingine ya moyoni.

Ina kasoro. Televisheni ya Fox iliwawekea masharti makali kwa sababu walengwa ni watoto: Spider-Man karibu hapigi ngumi, bunduki karibu zote zinatoa miale ya rangi, na Morbius, ambaye ni mnyonya damu, hawezi hata kuitaja damu, anasema plazma na anainyonya kwa viganja. Ukiwa mtu mzima unaona uzio uliowekwa. Michoro nayo inaharibika kadiri misimu inavyosonga, wanarudia vipande kama wale wa 1967. Maghorofa yaliyotengenezwa kwa kompyuta wakati ule yalionekana ajabu ya dunia. Leo yanaonekana kama maboksi.

Halafu kuna suala la Mary Jane, mpenzi wa Peter. Anapotea, anarudi, wanaoana, kisha inajulikana kwamba aliyeolewa ni nakala iliyotengenezwa maabara, na anayeyuka mikononi mwa Peter. Nilipotafsiri hapo sauti ilikatika. Mfululizo uliishia Januari 1998 Peter akiondoka na Madame Web, bibi mwenye nguvu za ajabu, kwenda kumtafuta mke wake wa kweli, na hatukuonyeshwa kama alimpata. Nilibeba jambo hilo tangu sekondari. Mama alisema tu, "Mwe! Wameishia hapo?"

Hapa niseme kuhusu upatikanaji, maana wengine watataka kujua. Ile ya 1994 niliwekewa kwenye flashi na duka moja la mjini, nikalipia vipindi vyote, nikafika nyumbani nikakuta kumi na moja havimo na vingine viwili vimerudiwa kwa majina tofauti. Nilirudi mara mbili. Fungueni faili kabla hamjatoa hela, hasa mwisho wa mfululizo, kwa sababu kwenye hadithi inayoendelea kipindi kimoja kikikosekana unapotea.

Ya 2003, iliyotengenezwa yote kwa kompyuta kwa ajili ya MTV, ina vipindi 13 na nyuso ngumu kama plastiki. Si ya watoto wadogo. Tukapita.

The Spectacular Spider-Man ya 2008 ndiyo ninayoweza kumpa mtu yeyote bila wasiwasi. Peter ana miaka 16, michoro ni myepesi yenye mistari michache, na hiyo ndiyo inayoruhusu mapigano yaende kwa kasi ambayo ya 1994 haikuiweza. Watengenezaji wake, Greg Weisman na wenzake, walipanga kila mtu awe na sababu: adui wa msimu huu ulimwona akipita nyuma ya Peter vipindi vitano vilivyopita akiwa mfanyakazi wa kawaida. Na hela bado ni tatizo. Kuna kundi zima la vipindi lenye majina ya kiuchumi, na mwanangu aliyeanza kusoma biashara shuleni alisimamisha picha ili anieleze soko ni nini. Ilikatwa baada ya vipindi 26 tu. Haki za katuni zilirudi Marvel, kampuni iliyomtoa Spider-Man, Disney ikainunua Marvel, na wapya wakataka kuanza na ya kwao. Kazi nzuri namna hiyo ilizimwa ingali inapanda, na inaniuma mpaka leo.

Baada ya hapo jibu la swali la mama likabadilika. Kwenye Ultimate Spider-Man ya 2012, yenye vipindi 104, Peter anachukuliwa na Nick Fury wa shirika la kijasusi la SHIELD, anafundishwa, anapewa pikipiki na wenzake wanne wa kikosi. Kwenye ya 2017 anapata nafasi Horizon High, shule ya vipaji yenye maabara za kila aina, na huko anawakuta Miles Morales, Gwen Stacy na Anya Corazon. Mwanangu alianza na hizi utotoni na anazipenda. Vichekesho vyake ni vya kasi na Peter anaongea na mtazamaji moja kwa moja. Mama akasema, "Sasa huyu ana mfadhili." Hakusema kwa ubaya. Lakini niliona hakuwa tena na hamu ya kujua kama kodi imelipwa.

Binti yangu naye ana yake, Spidey and His Amazing Friends ya 2021, ya Disney Junior, ambayo Peter, Gwen na Miles ni wadogo na wanashirikiana kutatua matatizo yasiyotisha. Kwa umri wake ni nzuri sana. Alilala bila kuota vibaya, jambo ambalo mjusi wa 1994 hakumruhusu.

Your Friendly Neighborhood Spider-Man ya Januari 2025 tuliiona kwenye kompyuta ya mpwa wangu aliyekuja likizo. Vipindi kumi. Imechorwa kufuata kurasa za vitabu vya mchoraji Steve Ditko, aliyembuni Spider-Man pamoja na Stan Lee mwaka 1962, na rangi zake bapa zilinirudisha kwenye kaseti ya baba mdogo. Humu Peter anaenda mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni ya Norman Osborn, na Osborn, akishaijua siri yake, anampa mavazi na vifaa. Kwa mara ya kwanza katuni yenyewe ikawa inauliza swali la mama: anayekulipia anataka nini? Mama alimshuku tangu alipotoa tabasamu la kwanza.

Aliyetugusa zaidi humu, hata hivyo, ni Lonnie Lincoln. Ni kijana hodari darasani na uwanjani, anaingia kwenye genge ili mdogo wake asiingizwe. Hakuna anayemfuata na mkataba wala vazi jipya. Mwanangu, ambaye huongea katuni nzima, vipindi vile alinyamaza, na usiku aliniuliza kwa nini Peter hakuona.

Asiyetaka kuambiwa mwisho asiendelee kusoma. Peter amekua akiwa yatima, na sisi tumeamini hivyo tangu katuni ya 1967. Mwisho wa kipindi cha kumi mama mkubwa May anakwenda gerezani kumtembelea mtu, na mtu huyo ni Richard, baba yake Peter, yuko hai. Nilitafsiri, nikanyamaza. Mama alitoa blanketi miguuni akakaa wima.

"Kumbe na yeye ana siri," akasema. "Mama wa watu amebeba mzigo huo peke yake muda wote huu."

Tangu hapo kila akija kutoka Umalila na kiroba cha viazi, kabla hajakaa, ananiuliza kama msimu wa pili umefika.