Uzoefu wangu: Django na SQLite kwa anayeanza, baada ya miezi mitano na daftari la VICOBA

Mama yangu mdogo ni katibu wa kikundi cha VICOBA, yaani cha kununua hisa na kukopeshana, huku Pasua, Moshi. Wanachama ni 27, wote akina mama, na wanakutana kila Jumapili baada ya ibada. Mwezi wa pili mwaka huu aliniita kwake, akaweka mezani daftari kubwa la jalada gumu, akasema, "Mwanangu, si unasoma mambo ya kompyuta? Hili daftari linaninyima usingizi." Wakati huo nilikuwa nimejifunza HTML na CSS za kutengeneza kurasa za wavuti, na lugha ya programu ya Python kidogo, lakini sijawahi kutengeneza kitu ambacho mtu mwingine anakitegemea. Haya nayaandika kwa yeyote aliye pale nilipokuwa, anayejiuliza ashike zana gani na databesi ipi, yaani programu ya kutunzia taarifa.

Nianze na nilipokosea. Nilichagua kwa kufuata kelele. Karibu kila video niliyotazama ilisifu lugha ya JavaScript mwanzo mwisho pamoja na databesi isiyo na majedwali, ile ambayo kila taarifa unaitupia kama waraka wenye umbo lake. Nilivutiwa kwa sababu hakukuwa na cha kupanga. Bando la wiki liliisha kwa siku mbili, maana kila nilipoanza mradi upya nilipakua vipande vidogo vidogo vya programu visivyohesabika, na folda moja ikavimba hadi mamia ya megabaiti kabla sijaandika mstari wangu wa kwanza.

Hilo la bando ningelivumilia. Lililoniumiza ni taarifa zenyewe. Baada ya Jumapili tatu niligundua mama mmoja yumo mara tatu: wiki ya kwanza kwa jina la mtoto wake, ya pili kwa jina lake la ubatizo, ya tatu kwa ubini wa mume. Hisa zake zikawa za watu watatu. Nikamfuta mmoja wa hao, na mkopo wa shilingi 150,000 ukabaki unaelea, hauna mwenyewe. Hakuna kilichonionya. Databesi za aina ile zina kazi zake, na anayezijua huziwekea masharti yake. Mimi nilikuwa sijazitazama taarifa zangu kabla ya kuchagua chombo cha kuzibebea.

Basi nikalirudia daftari, nikalisoma ukurasa kwa ukurasa. Mama mdogo alikuwa ameshapiga mistari kwa rula: wanachama upande huu, hisa upande ule, mikopo, marejesho, mfuko wa jamii, faini. Kila mkopo una mtu wake, na kila rejesho lina mkopo wake. Hayo ni majedwali yenye mahusiano, wazo ambalo Edgar Codd wa IBM aliliandika mwaka 1970, na ndilo msingi wa databesi za MySQL, PostgreSQL na SQLite mpaka leo. Ukitaka kujua uchague databesi ipi, chora kwanza taarifa zako kwenye karatasi. Mimi karatasi ilinijibu ndani ya saa moja kile ambacho video hazikunijibu kwa mwezi.

Kati ya hizo tatu nilichukua SQLite, kwa sababu haihitaji seva yake yenyewe, yaani programu ya kuwasha pembeni ili ihudumie maombi. Databesi nzima ni faili moja. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000, haina leseni ya kulipia, na imo ndani ya kila simu ya Android, kwa hiyo unayesoma hapa huenda umeishika mkononi muda huu. Ukiwa na Python tayari unayo. Juu yake nikaweka Django, fremuweki ya Python (vipande vilivyo tayari vya kujengea mfumo wa wavuti) iliyotolewa mwaka 2005 na ambayo ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti huko Kansas, Marekani. Kuipakua ni megabaiti chache tu. Baada ya hapo nilifanya kazi siku nzima bila intaneti, na kwa sisi tunaohesabu bando hilo ni jambo kubwa sana. Programu ya kuandikia msimbo natumia VS Code, ya bure, sina la kulalamika.

Kilichonifanya niipende Django ni ukurasa wa admini, ule wa msimamizi wa taarifa. Unaeleza majedwali yako kwenye faili moja, unayasajili kwa admini kwa mistari michache, unaendesha amri mbili, na fomu za kuingiza, kutafuta na kufuta zinatokea zenyewe. Nilipoandika "sw" kwenye sehemu ya lugha, ukurasa ukageuka Kiswahili, na kitufe kikasomeka "Hifadhi". Mama mdogo alikisoma kwa sauti, akanitazama, akavuta kiti karibu. Tangu siku hiyo maingizo anafanya mwenyewe.

Masharti ya kikundi nayo yameingia humo. Hisa ni shilingi 2,000, na mtu hanunui zaidi ya hisa 5 kwa wiki. Jumapili moja kidole kiliteleza akaandika 50, fomu ikakataa kuhifadhi. Na nikijaribu kumfuta mwanachama mwenye mkopo, nazuiwa na kuonyeshwa mkopo unaomshikilia, kwa sababu niliweka neno PROTECT kwenye uhusiano wa jedwali la mikopo na la wanachama. Laiti ningelijua mwezi ule! Kitu kingine cha kuzingatia: fedha zitunze kama namba kamili. Namba za desimali za kawaida kwenye kompyuta hazina usahihi tunaoudhania. Jaribu kujumlisha 0.1 na 0.2 kwenye Python uone jibu lake.

Jaribio kubwa lilikuja mwezi wa nne, masika yamechachamaa. Kompyuta yangu ni ya mtumba na betri yake imekufa, umeme ukikatika inazima papo hapo. Nilikuwa nimebonyeza "Hifadhi" kwenye rejesho la mkopo, giza likaingia. Nilikaa gizani nikiwaza akina mama 27. Umeme uliporudi nikakuta rejesho lile halimo kabisa, na mengine yote yapo sawasawa, hakuna lililoingia nusu. Baadaye nikasoma kwa nini. Kwa kawaida SQLite, kabla ya kubadilisha faili kuu, huweka nakala ya kurasa za zamani kwenye faili la pembeni. Ikifunguliwa tena na kukuta faili hilo limebaki, hurudisha mambo yalivyokuwa. Nikaliingiza rejesho upya, nikalala.

Ina mipaka yake. Anayeandika ni mmoja kwa wakati mmoja, wengine husubiri zamu. Kwa katibu mmoja haina shida, lakini kwa mfumo wa mtandaoni wenye watu wengi wanaoingiza kwa pamoja ningechukua PostgreSQL. Nimeshajaribu kuhamia huko kwa mazoezi. Kwenye Django ni mistari michache ya mipangilio, ila PostgreSQL ilikataa jina moja kwa kuwa lilizidi herufi 30 nilizoziruhusu. Majina ya zamani nilikuwa nimeyaingiza kwa programu badala ya fomu, na SQLite haijali kikomo hicho cha herufi. Kwa hiyo jaribu kuhama mapema, taarifa zikiwa bado chache.

MySQL sijaitumia vya kutosha kuisemea. Ukiwa unajifunza lugha ya PHP utakutana nayo haraka, na SQL ya msingi, lugha ya kuziuliza databesi hizi, utakayojifunza ni ileile.

Daftari bado lipo. Nimemwomba mama mdogo asiliache, na kila Jumapili jioni tunalinganisha jumla. Wiki iliyopita daftari lilisema 1,236,000, kompyuta ikasema 1,234,000. Tulitafuta kwa kama dakika kumi: ni hisa moja ya mama aliyechelewa, iliandikwa kwa kalamu na haikuingizwa. Nikaiingiza, nikazima seva ya Django, nikanakili faili kwenye flashi mbili, moja yake na moja yangu.