Nilikwenda kumnunua Chinggis Khan, nikarudi na Malkia Mandukhai: uzoefu wangu na mchoro wa mafuta kutoka Ulaanbaatar

Siku ile nilitoka hotelini na nia moja tu, kumnunua Chinggis Khan, yule ambaye wengi humwita Genghis Khan. Mkataba wangu kwenye mgodi wa shaba kule jangwa la Gobi ulikuwa umekwisha, zimebaki siku nne Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, kabla ya ndege, na sikutaka kurudi Tanga na kofia ya manyoya au vile vikorokoro vya kubandika kwenye friji. Nilitaka mchoro wa rangi za mafuta wa mtawala wao mkubwa, uliochorwa na Mmongolia mwenyewe. Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa mji ule, akakubali kunisindikiza na kunitafsiria.

Maduka matatu ya kwanza yalinichosha. Kila ukuta una Chinggis, na kila Chinggis ni yuleyule: uso mpana, ndevu chache za mvi, kofia nyeupe, macho yametulia. Mwenzangu ndiye aliyenieleza sababu. Mzee yule alifariki 1227, na hakuna picha yake inayojulikana iliyochorwa akiwa hai. Sura tunayoijua sote inatoka kwenye albamu ya watawala wa nasaba ya Yuan, yaani Wamongolia waliotawala China, iliyoanza kuchorwa kwenye hariri enzi za mjukuu wake Kublai, na leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya kasri kule Taipei. Sura hiyohiyo ndiyo iliyo kwenye noti za Mongolia, kuanzia ya tugrik 500 hadi ya 20,000. Mchoraji akiigeuza kidogo tu, mteja atasema huyu siye.

Na siwalaumu hata kidogo kwa kumchora mno. Wakati wa utawala wa chama kimoja, jina lake lilikuwa la kutajwa kwa uangalifu. Mwaka 1962 waliadhimisha miaka 800 ya kuzaliwa kwake na kusimamisha mnara kule Dadal, na kiongozi wa chama aliyeunga mkono jambo lile, Tömör-Ochir, akavuliwa madaraka. Baada ya mageuzi ya 1990 watu walimrudisha kwa kiu ya miaka mingi. Hata rangi za mafuta zenyewe zilishika mizizi kule karne ya 20, kupitia wachoraji waliokwenda kusoma Moscow na Leningrad. Kabla ya hapo ustadi wao ulikuwa kwenye picha za dini za rangi za madini. Haya yote nayaheshimu. Ila mimi nilikuwa natafuta picha ya kuishi nayo, na uso ule nilikuwa nao tayari mfukoni.

Mahali pa nne palikuwa ghorofa ya pili ya jengo la zamani, ngazi zinanuka tapentaini tangu chini. Humo ndimo nilipomwona. Mwanamke juu ya farasi mfupi mnene, farasi wa Kimongolia hasa, na ubavuni mwa farasi limefungwa kapu la ngozi. Ndani ya kapu yumo mtoto. Humwoni uso, unaona mkono tu umeshika ukingo, vidole vinne, kila kifundo kimeguswa na nukta moja ya rangi nyeupe. Nikamuuliza mwenzangu huyu ni nani. Akasema, kana kwamba ananitajia shangazi yake: Mandukhai.

Vitabu vya historia vya Wamongolia vilivyoandikwa karne ya 17 vinamsimulia hivi. Mwishoni mwa karne ya 15 alikuwa mjane wa Manduul Khan, na dola ya Chinggis imesambaratika. Shujaa mmoja, Une-Bolod, mzao wa Khasar nduguye Chinggis, akamposa. Akakataa. Badala yake akamchukua mtoto yatima wa ukoo wa Chinggis mwenyewe, Batmunkh, mwenye umri wa miaka kama saba, akamweka kwenye kiti cha enzi kwa jina la Dayan Khan, akamtia kwenye sanduku na kwenda naye vitani kupigana na Waoirat, Wamongolia wa magharibi. Mtoto alipokua, wakawa mume na mke, wakazaa wana saba. Wamongolia wakaungana tena chini yao.

Sasa mtu kama huyo unamchoraje, wakati hakuna albamu ya hariri yenye sura yake na hayumo kwenye noti? Unalazimika kuamua. Mchoraji huyu aliamua kumpa mashavu yaliyochubuliwa na upepo, mekundu hadi zambarau, midomo mikavu, na macho yasiyomtazama adui wala sisi. Kichwa kimeinama kidogo upande wa kapu, kama mama anayesikiliza kama mtoto bado anapumua sawasawa. Nilisimama pale mpaka mwenzangu akaenda kutafuta kiti.

Wenye duka wakampigia mchoraji, naye akaja, mama wa makamo mwenye rangi kwenye kucha. Nikamuuliza uso ule ameupata wapi. Hakujibu kwa maneno. Alichukua simu yake, akawasha tochi, akaielekeza kwenye turubai kutoka ubavuni, na hapo nikaona chini ya shavu mfereji na matuta. Aliukwangua uso kwa kisu mara tatu, akasema. Wa kwanza ulikuwa mzuri mno, wa mwanamke ambaye hajawahi kulala nje.

Bei ilikuwa tugrik 1,400,000, yaani kama dola 400 hivi. Nikahesabu noti 70 za 20,000, Chinggis sabini, akazipokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama adabu yao ilivyo. Kwa turubai ya sentimita 60 kwa 80 na kazi ya namna ile, naona nimelipa haki. Nisifiche dosari: milima ya nyuma imechorwa kwa haraka, na tandiko ni safi kupita kiasi kwa safari ya vita. Lakini jicho langu haliendi huko.

Kilichoniudhi ni ufungaji. Kijana wa duka aliutoa mchoro kwenye fremu na kuuviringisha rangi ikiwa ndani, kwenye bomba jembamba la karatasi, wakati manyoya ya shingo ya farasi yamepakwa rangi nene ambayo haikuwa imekauka sawasawa. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta yanashika hewa na kugeuka taratibu, na ikiwa nene huchukua miezi. Mchoro huviringishwa rangi ikiwa nje, kwenye bomba nene. Sikulijua hilo siku ile. Nilipoufungua Tanga nikakuta nyufa tatu, kila moja urefu wa punje ya mchele. Kwa hilo naondoa nyota moja, nabaki na nne.

Karatasi ziko sawa, na nawapongeza. Walinipa risiti na barua kwamba ni kazi mpya, kwa sababu vitu vya kale haviruhusiwi kutoka nchini bila kibali. Forodha waliiomba uwanja wa ndege, wakaisoma, wakanipitisha.

Fundi fremu wa hapa ameubana kwenye mbao mpya. Kwa unyevu wa bahari turubai ililegea mwezi wa kwanza tu, ikabidi agonge kabari za pembeni kidogo kidogo mpaka ikakaza tena. Nimeutundika ukuta wa ndani, jua lisipofika, na vipande viwili vya kizibo nyuma ili hewa ipite. Vanishi bado. Mama yule alinisisitiza nisubiri mwaka mzima, kwa hiyo mpaka Oktoba nitakuwa naufuta vumbi kwa brashi laini, kuanzia kwenye vidole vile vinne.