Nimeuvisha ngozi mpini wa upanga wa mwanga, kazi ya fundi viatu wa Mwanjelwa

Oya oya, karibuni tena! Upanga wenyewe, huu wa kuigiza ule wa filamu za Star Wars, siurudii, taa na sauti mlishaviona video iliyopita. Leo ni hii hapa. Ngoja niisogeze kwenye kamera... mnaiona? Ngozi ya ng'ombe, imeshonwa kwa mkono, Mwanjelwa hapahapa Mbeya!

Walioko Mbeya mnanielewa. Mwezi wa saba asubuhi, baridi ile, ushike mpini wa aluminiamu tupu? Utaiachia mwenyewe. Na ukianza kuzungusha, kiganja kikitoa jasho, mpini unachoropoka unaenda kwenye kabati la mama.

Sasa kuna jamaa kaniandikia eti naharibu, ule wa kwenye filamu hauna ngozi. Kweli kaka, hauna. Ule wa Luke, shujaa wa Star Wars ya 1977, mpamba seti wa filamu hiyo, Roger Christian, alichukua mpini wa flashi ya kamera ya zamani, Graflex, akaugandishia vipande vyeusi kwa gundi. Yaani wenyewe waliunga-unga! Mimi kwenda kwa fundi viatu ndiyo iwe kosa?

Haya, mshono. Msiruke hapa, nawaomba. Uzi ni mmoja, una nta, na sindano ni mbili, moja kila ncha. Fundi anatoboa tundu kwa maharazi, sindano hii inapita huku, ile inapita kule, tundu lilelile, halafu anakaza. Cherehani haishoni hivyo. Cherehani ina nyuzi mbili zinazokabana katikati, ukikata mmoja mshono unaanza kufumuka. Alinipa kipande cha majaribio, tazameni: nakata kwa wembe, hapa katikati. Navuta... Navuta tena... Hola! Pembeni kote kumeshika. Jamani, mimi ningeweza kuangalia hiki kipande mpaka jioni.

Na mnaona ilivyobana? Kipenyo cha mpini ni milimita 38, kwa hiyo mzunguko ni kama 119. Fundi alikata pungufu, 116, akailowesha, akaivuta ikiwa mbichi. Ikikauka inajikaza yenyewe, gundi ya nini? Ila iwe ngozi iliyosindikwa kwa magome, kama yale ya miti ya miwati ya Njombe. Ile iliyosindikwa kwa kemikali ya kromu, laini ya mikoba, ukiilowesha haikamati umbo vizuri. Na kabla ya maji toa betri na vikorokoro vyote vya ndani, usije ukanilaumu.

Halafu, kabla sijasahau, maiki mpya imefika, ndiyo maana leo hamsikii bodaboda. Au mnazisikia? Niambieni. Na kama hujabonyeza kengele unasubiri nini?

Kinachoniudhi ni hiki. Tundu la chaji. Oneni, ngozi imelifunika nusu! Waya naingiza kwa kuulazimisha, kila siku nasukuma ukingo kwa kucha. Kitu cha kuweka alama kwa kalamu tu kabla ya kukata! Nilitaka kuipa saba kati ya kumi kwa sababu ya hilo.

Bei ni elfu thelathini. Najua, najua, tepu ya raketi unaipata kwa elfu tano. Nilikuwa nayo. Ikishachakaa ile sponji inakumenyekea mkononi, na gundi yake inanata mpaka kwenye sahani ya ugali. Mwanzoni nami nilisema elfu thelathini ni nyingi, lakini ukishaona mtu anavyotoboa tundu moja moja... hapana, hela yake ni halali. Nane. Chaji ikirekebishwa, tisa.

Mnaotaka kuvisha wa kwenu, nendeni na mpini wenyewe mkononi. Kwa picha ya simu fundi hapimi, mimi alinirudisha nyumbani nikauchukue.