Nyumba ya wageni Barbados: nyota nne, na mti wenye mstari mwekundu

Tulilala siku saba kwenye nyumba ndogo ya wageni upande wa kusini wa kisiwa hiki cha Karibi, eneo la Christ Church, karibu na ufuko wa Accra Beach. Tulikuwa mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka sita, tumetokea Birmingham tunakoishi.

Wiki moja kabla ya safari, mama mwenye nyumba alitutumia ujumbe: msibebe nguo yenye mabaka ya kijeshi, hata ya mtoto, huku ni kosa kisheria. Kofia ya mume wangu ikatoka begini. Wakala aliyetukatia tiketi hakuwa ametaja lolote.

Tulipofika, mama mwenye nyumba alituchorea jani na tunda la mti wa kuepuka kwenye karatasi. Mti unaitwa manchineel, unaota ufukweni kabisa. Mingine imepigwa mstari mwekundu kwenye shina, mingine haina alama. Tunda lake kama tofaa dogo la kijani, na ni sumu. Utomvu unachoma ngozi. Hata matone ya mvua yakipitia majani yake yanakutoa malengelenge.

Siku ya tatu tuko pwani ya magharibi, mvua ikashuka ghafla. Mtoto mbio chini ya kivuli. Nikauona ule mstari mwekundu juu kidogo ya kichwa chake. Nilipiga ukelele, baba yake akamvuta mkono, tukalowa wote watatu kule kwenye mchanga. Bila ile karatasi, ningemfuata na taulo tujibanze pale pale.

Bahari nayo. Sisi wa Mombasa tumezoea mwamba unaovunja mawimbi mbali na ufuko. Bathsheba, upande wa mashariki, Atlantiki inakuja moja kwa moja na mkondo unavuta. Mama mwenye nyumba alitukataza kuogelea kule, tukakaa kutazama wanaoteleza kwa mbao.

Taksi hazina mita. Namba za gari zake zinaanza na Z. Patana bei kabla hujapanda, na uulize ni dola ipi, maana moja ya Marekani ni mbili za Barbados.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya sefu ya chumbani. Haikufunga siku mbili nzima, pasipoti tukawa tunazunguka nazo. Mlangoni kulikuwa na namba za dharura: polisi 211, zimamoto 311, ambulansi 511. Binti yangu alizikariri, na mpaka leo anazisema.