Chujio la sponji katika tangi langu la gapi: miezi 14 ya kulitumia Fuoni

Nina miaka 17, nakaa Fuoni, Unguja, nafuga gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, na chujio hili limo tangini mwangu mwezi wa kumi na nne sasa. Nilipokuwa nalitafuta nilisoma maelezo mengi, karibu yote ya watu wa nchi za baridi wanaohangaika kupasha maji moto. Kwetu tangi linakaa nyuzi 28 au 29 bila ya kifaa chochote. Shida zetu ni nyengine.

Tangi lenyewe alinitengenezea fundi wa vioo wa mtaani, sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lita 54 likijaa hadi ukingoni. Mwanzo nilikuwa na chujio la mota, lile la kuzamisha ndani ya maji. Maji yalikuwa yanang'ara, lakini lilikuwa linanimalizia vifaranga. Gapi hatagi mayai. Anazaa watoto walio hai, kila baada ya wiki nne hivi. Asubuhi moja nilihesabu vifaranga 23, jioni wamebaki 6. Najua wengine waliliwa na wakubwa, maana gapi hula hata watoto wake, lakini wanne niliwakuta wamebanwa kwenye matundu ya chujio. Iliniuma mno. Siku ile ile nikaanza kuweka pesa.

Hili la sponji niliagiza Dar es Salaam, likaja kwa boti na ami akanipokelea bandarini Malindi, hapa Unguja. Sponji mbili, bomba lake la plastiki, mpira wa mita 2 na pampu ndogo ya hewa. Pamoja na usafiri shilingi 38,000. Linavyofanya kazi ni rahisi kueleweka: pampu inasukuma hewa, mapovu yanapanda ndani ya bomba yakibeba maji, na maji mengine yanavutwa kupita ndani ya sponji kuziba nafasi hiyo. Mvuto wake ni mdogo kiasi kwamba kifaranga cha siku moja anatua juu ya sponji akidonoa na hapati dhara. Umeme haushuki ndani ya maji, na hilo ndilo lililomfanya bibi akubali tangi likae ukumbini.

Sasa kosa la kwanza, na hili naomba mtu alisome vizuri. Karatasi iliyomo kwenye boksi inasema sponji ioshwe kwa maji ya bomba kila wiki. Nikafuata. Maji ya siku ile yalikuwa yananuka dawa, nami nikaikamua sponji mpaka ikawa kama mpya. Siku ya tatu samaki wote wako juu wanatweta, na ndani ya wiki nikazika 11 chini ya mpera.

Nilikuwa nimeua bakteria. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye sponji huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vile vile. Kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaistahamili mpaka utakapobadilisha maji. Tangi jipya linahitaji wiki 4 hadi 6 mpaka bakteria hao wakae sawa. Ukiosha sponji kwa maji yenye klorini, ile dawa ya kusafishia maji ya bomba, unarudi mwanzo, na samaki wamo ndani. Siku hizi naikamua mara moja kwa mwezi, ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa tangini humo humo, na naacha ikiwa bado na rangi. Maji ya ndoo namwagia mrehani wa mama, umestawi ajabu.

La pili ni umeme. Wa kwetu unatoka bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari. Mama husimulia ulivyokatika Unguja nzima mwaka 2008, karibu mwezi, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi ni saa chache tu, lakini maji ya moto yanashika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, kwa hiyo samaki wetu hawana akiba kubwa. Nimenunua pampu ya betri, umeme ukizimika nahamisha mpira tu, chujio linaendelea. Lile la mota lingekuwa limesimama.

Boksi halikuwa na vali ya kuzuia maji yasirudi, na hapo ndipo naliondolea alama. Nilikuwa nimeweka pampu sakafuni. Usiku umeme ukakatika, maji yakarudi kwa njia ya mpira, na alfajiri bibi anaamka kusali anakuta mkeka umeroa na tangi limebaki nusu. Vali ni kijidude cha plastiki cha shilingi 1,500. Muuzaji angeitia tu. Usipoipata, weka pampu juu ya usawa wa maji. Inavuma kidogo, ikalishe juu ya kitambaa kilichokunjwa.

Maji natumia ya kisima. Yanapita kwenye mawe ya chokaa, ndiyo maana birika letu lina ukoko mweupe, na gapi na moli, samaki wengine wa tangini, wanayapenda khasa. Samaki wa neoni nimewaacha, wao ni wa maji laini, yasiyo na chokaa, ya Amazon.

Kwa jumla nalipa nyota 4 kati ya 5, na nimeshaagiza la pili. Ninalolitaka ni kufuga samaki wetu wenyewe, Nothobranchius guentheri, wa madimbwi ya mvua ya Unguja. Dimbwi likikauka wakubwa hufa, mayai yanabaki kwenye tope yakisubiri mvua. Watu wa Ulaya wanawafuga miaka mingi, na hapa skuli kwetu hakuna hata mmoja aliyekuwa anawajua. Kwa ajili yao nawaomba wenzangu wenye gapi: waliozidi msiwamwage madimbwini wala mitaroni, nipeni mimi.

Sponji mpya nimeizamisha kando ya ile ya zamani, ipate bakteria. Itakaa hapo mwezi mzima, na fundi wa vioo ameniahidi tangi baada ya Idi.