Nimepanda Cessna mpaka mwisho wake juu ya Unguja, nawapa habari yake

Jamani nimeulizwa sana kuhusu ile safari ya ndege ndogo basi naandika mara moja hapa. Kampuni siitaji kwa sababu nina lawama nayo, ntaisema chini, ila huduma yenyewe ni hivi, unakodi Cessna 172 na rubani wake pale uwanja wa Kisauni, watu wengi wanapiga duru ya picha Mji Mkongwe na kisiwa cha Changuu wanarudi, mie nikaomba tupande juu mpaka ndege yenyewe iseme basi. Tulikuwa mie, mtoto wa shangazi yangu na rubani.

Kitabu cha ile Cessna, aina ya 172S, kinasema mwisho wake futi 14,000. Hapo haina maana ukizidisha inaanguka, ni pale inapobakia na nguvu ya kupanda futi 100 tu kwa dakika. Na hesabu hiyo imepigwa kwa hewa ya nyuzi 15 usawa wa bahari, sasa sie hapa kipindi cha kaskazi saa nne asubuhi nyuzi 31, hewa ya moto ni nyepesi, bawa halina cha kushika na injini haina cha kuvuta. Tulifika futi 12,700.

Mwanzo inapanda vizuri, futi 600 na kitu kwa dakika, mara kisiwa cha Chumbe kishakuwa kama kokwa. Kuanzia futi 10,000 ndo utaona kazi. Sindano ya kasi ya kupanda ikashuka mpaka futi 300 kwa dakika, ikashuka mpaka 200, rubani anavuta kile kidude chekundu cha kupunguza mafuta kidogo kidogo, kama anafungua kufuli, anasikiliza injini, anavuta tena, kwa sababu hewa ikipungua mafuta yanazidi na injini inakohoa. Pua ya ndege imeinuka lakini ndege kama imesimama. Futi 700 za mwisho zilituchukua karibu dakika tano. Geji ya nje nyuzi 6, baridi inaingia mlangoni, na mie nimevaa shati la mikono mifupi.

Rubani alishatuambia tokea chini hatutokaa zaidi ya nusu saa juu ya futi 10,000 maana hatuna oksijeni, na hakutaka mjadala. Sindano ilipogusa 150 akasema "Kaka, hapa ndo kwake, tukiilazimisha tunaitia tabu tu." Nilimpenda kwa hilo. Wengine wangekuzungusha ulipe zaidi.

Na nilichokiona, wallahi. Unguja yote kwa jicho moja, visiwa vya Tumbatu na Mnemba na ule mduara wake wa matumbawe, milima ya Usambara kule bara, na Pemba mbele. Bahari ya baina yetu na bara rangi yake imepauka kwa sababu ni kina kidogo, lakini ukipeleka macho Pemba inageuka buluu nzito ghafla, kule chini kuna mamia ya mita. Mama yangu wa Wete kule Pemba, njia hiyo nimeipita kwa meli tangu mdogo, na mkondo wa Nungwi ndo huo ilipozama meli ya Spice Islander 2011. Kuuona wote kwa pamoja, umetulia kama kitambaa, nilinyamaza muda mrefu.

Kitu kimoja zaidi, chupa ya maji niliyokunywa kule juu nikaifunga vizuri, tulipotua imebonyea kama imekanyagwa na gari. Hapo ndo nikafahamu hewa ya juu ilivyo kidogo.

Sasa lawama. Niliambiwa saa mbili tukaruka saa nne, joto lishapanda na mawingu yanaanza, na hilo lilitukosesha futi kadhaa. Pili, bei yao ni ya saa na inahesabiwa tokea injini inapowashwa, tukasubiri ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege dakika 20 injini inanguruma na zote nikalipishwa, hakuna aliyeniambia mapema. Hedfoni ya nyuma nayo imekufa, binamu yangu hakusikia neno hata moja safari nzima. Ofisi hiyo inatakiwa kujirekebisha, rubani hana kosa.

Ukenda omba saa moja asubuhi, msizidi wawili na rubani, chukua sweta, na uliza mita inaanza kuhesabu wakati gani kabla hujatoa hela.