Tiketi ya saa 24 ya Colosseum na Forum, Roma: kwa mpenzi wa matao ya ushindi, unalipia tao moja tu

Matao ya ushindi yaliyosimama eneo hili ni matatu, kila moja la mtawala wa Roma ya kale, na mawili kati yake yanaonekana bila tiketi. Tao la Konstantino liko uwanjani nje ya Colosseum, halina kiingilio. La Septimius Severus linaonekana vizuri sana kutoka juu, kwenye kilima cha Campidoglio, nyuma ya jumba la meya, bure. Linalobaki ni la Titus, ndani ya Forum, yaani magofu ya kitovu cha Roma ya kale. Michongo yake iko ndani ya kipito, kwa hiyo hilo ndilo unalolitolea pesa.

Niliyotumia mimi ni tiketi ya kawaida ya euro 18: Colosseum kwa saa uliyochagua, kisha Forum na kilima cha Palatino ndani ya saa 24. Nunua kwenye tovuti rasmi, maana wachuuzi wa mtandaoni wanauza kitu kilekile kwa bei ya juu. Tiketi huandikwa jina, na jina hilo hulinganishwa na pasipoti. Mwenye majina matatu aandike yote kama yalivyo kwenye pasipoti. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, lakini nao lazima wakatiwe tiketi yao. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, na foleni yake ndiyo bei yenyewe.

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani Forum ni bustani ya kuingia na kutoka. Unaingia mara moja. Ukitoka kutafuta chakula, basi, umemaliza. Kula kabla, beba chupa ya maji isiyo ya kioo (mabomba ya maji ya kunywa yamo humo ndani), na uvae viatu vyenye soli inayoshika. Mawe meusi ya Via Sacra, barabara ya kale inayopita Forum, yamesuguliwa hadi yanateleza, na nafasi kati yake hunasa kisigino na gurudumu la kigari cha mtoto.

Anza na Titus asubuhi, jua likiwa bado chini. Likipanda utosini, kipito chote huwa kivuli na michongo huonekana bapa. Titus alifariki mwaka 81. Tao lilijengwa na mdogo wake Domitian, aliyemrithi. Ukiingia ukiwa umeipa Colosseum mgongo, ukuta wa kushoto ndio wenye nyara za Hekalu la Yerusalemu: kinara cha matawi saba, meza ya mikate ya wonyesho, tarumbeta, vyote mabegani mwa askari. Kinara hicho hakikuwa cheupe hivyo. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta mabaki ya rangi ya manjano juu yake. Ukuta wa kulia ni Titus mwenyewe garini, anavutwa na farasi wanne. Wengi huishia hapo. Inua kichwa: katikati ya dari ya tao kuna mraba mdogo, Titus amepanda mgongoni mwa tai akipelekwa mbinguni. Ndiyo maana kwenye maandishi anaitwa DIVO, yaani ameshakuwa mungu.

Kisha tenganisha la kale na la karne ya 19. Tao hili lilikuwa limemezwa na ngome ya zama za kati, na msanifu majengo Giuseppe Valadier alipolijengea upya pande zilizokosekana, katika miaka ya 1820, hakutumia marumaru bali travatino, jiwe lisilong'aa, kwa makusudi. Nguzo zenye mifereji ni za Kirumi. Zilizo laini ni zake. Maandishi ya upande wa Colosseum ni ya asili, na yale ya upande wa pili yanamtaja Papa Pius VII. Kwangu mimi huu ndio ukarabati wa kiungwana kuliko wowote mjini humo.

Tao la Severus, la mwaka 203, liko mwisho wa Via Sacra. Usipoteze muda kwenye michongo mikubwa ya vita vya Parthia, imelika mno. Chukua darubini usome mstari wa nne wa maandishi ya juu. Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, aliandikwa pamoja na wanawe wawili, Caracalla na Geta. Baada ya baba kufa mwaka 211, Caracalla alimuua ndugu yake na kuamuru jina lake lifutwe kila mahali. Mahali pake pakajazwa sifa: OPTIMIS FORTISSIMISQUE PRINCIPIBUS. Lakini herufi za mwanzo zilikuwa za shaba, zimepigiliwa kwenye mawe, na matundu ya misumari hayakufuata maneno mapya. Ukitulia utayaona yakikaa mahali pasipo herufi.

La Konstantino, la mwaka 315, ni la bure, ila lina uzio na hupiti chini yake. Ni kubwa, karibu mita 21 kwenda juu, milango mitatu. Sehemu kubwa ya mapambo yake ilitolewa kwenye majengo ya watawala waliotangulia: sanamu za mateka Wadakia zilizosimama juu ni za Trajan, michongo ya mviringo ni ya Hadrian, ile mirefu ya juu kabisa ni ya Marcus Aurelius. Kazi ya mafundi wa Konstantino ni ule ukanda mwembamba chini ya michongo ya mviringo: watu wafupi, vichwa vikubwa, wamejipanga kama wanafunzi shuleni. Ukishauona huwezi kuuchanganya tena. Upande wa kusini hupata jua sehemu kubwa ya siku. Septemba 2024 radi ililipiga na kung'oa vipande.

Ukibaki na nguvu, fuata Via di San Gregorio hadi Porta Capena. Hapo ndipo liliposimamishwa nguzo-jiwe la Aksum, lililochukuliwa Ethiopia na kuwekwa Roma mwaka 1937. Lilirudishwa kwao mwaka 2005.

Kwa matao peke yake, saa mbili na nusu zinatosha. Ukiwa na euro chache, ruka tiketi, panda Campidoglio, kisha shuka kwa Konstantino. Utakachokosa ni kile kinara.